Talaka Moja Iliyobaki

Shemeji yangu Awadh Ba-Rumaid amebakiwa na talaka moja tu. Mbili alizitoa kwa hasira. Ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya chumvi kwenye wali, ya pili sitaki hata kuieleza, na mara zote mbili ni mimi niliyekwenda kumchukua dada yangu Muzna na sanduku lake. Mara zote mbili Awadh alikuja kwetu kabla eda haijaisha, analia kama mtoto, akamrejea. Ya tatu haina kurejea. Bonde letu zima la Duan linajua hivyo, na yeye anajua kuliko bonde zima.

Baada ya ile ya pili alikwenda kwa shekhe wa msikiti wetu. Shekhe hakumpa hirizi wala kombe la kunywa. Alimkumbusha mafundisho ya Mtume: ukikasirika nawe umesimama, kaa, hasira isipoondoka, lala.

"Na ukishalala," akamwambia, "usianze kuhesabu makosa ya mkeo. Jiambie, Mungu ananiona, Mungu ananisikia. Jiambie mpaka uamini."

Basi Awadh akawa analala. Popote pale. Siku moja alijinyoosha katikati ya soko, kilemba kando, watu wakawa wanamruka.

"Amekufa?" akauliza muuza samaki.

"Hapana," nikamjibu, "amekasirika."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi sina subira na watu wanaoutangaza uchamungu wao, na wakati huo nilimwona ni mmoja wao.

Mwaka huu mikunazi ilichanua. Tuna mizinga arobaini ya nyuki, nusu ya Awadh, nusu yangu, yote uani kwake. Asali ya mkunazi ndiyo inayotupa jina sisi watu wa Duan, na wakati wa maua hayo nyuki hawapewi hata tone la sukari, maana asali ikishaingia sukari hakuna mnunuzi anayeigusa. Awadh akashikwa na homa siku tisa, hajitambui. Mimi nilikuwa safarini, mjini Mukalla. Muzna akabaki na mizinga peke yake.

Siku ya kuvuna, Awadh alikata sega la kwanza akaonja. Akaonja tena. Akanipa mimi.

"Sukari," nikasema.

Muzna alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani, akimtazama mumewe. "Upepo ulipukutisha maua, Baba Nuru. Niliwaona nyuki wanakufa, nikawawekea maji ya sukari. Niliwaonea huruma tu."

"Mizinga mingapi?" Awadh akauliza.

"Yote."

Awadh akasimama. Mshipa wa shingo ulimvimba, mdomo ukafunguka. Nilimtazama dada yangu, rangi imemtoka, nami nikaliona lile sanduku tena.

Awadh akakaa. Haikutosha, mshipa ulikuwa bado umevimba. Akalala chali papo hapo kwenye kokoto, na kanzu yake safi, nyuki wakimtambaa shavuni.

"Mungu ananiona," akanong'ona. "Mungu ananisikia."

Lakini mimi sikulala.

"Wewe mwanamke una akili kweli?" nikamfokea Muzna. "Jasho la mwaka mzima! Mume gani atavumilia upuuzi kama—"

"Shemeji." Sauti ilitoka chini. Awadh hakufumbua macho. "Hapa kando yangu pana nafasi."

Nilitaka kumtukana. Kisha nikaona Muzna hanitazami mimi, anautazama mdomo wa mumewe, na nikaelewa nilichokuwa nikikifanya. Awadh alikuwa akiuzima moto, nami nachochea kuni, na nyumba ni ya dada yangu.

Nikalala.

Kokoto zilinichoma mgongo. Maneno niliyotaka kumtupia Muzna yalikuwa bado mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani niliyasikia kabla sijayasema, nikijua kwamba kuna Mwingine anayasikia. Niliona haya. Nisiwadanganye, hasira haikuondoka. Ila nilikuwa nimelala nayo hapo, mbele Yake, na haikuwa na mahali pa kwenda.

"Yako imeisha?" nikamuuliza Awadh.

"Bado."

"Yangu pia."

Muzna akaingia ndani. Akatoka na mito miwili.