Nilimwambia Ni Wiki Jana

Siku ninayoikumbuka kila nikinusa dawa ya kuvu ni Jumatano moja, mwaka wangu wa pili tangu niolewe hapa Manga. Mwanangu, jana ulinipigia simu ukaniambia umeyapiga maparachichi yako dawa Jumatatu, na wachumaji wanakuja kesho kwa sababu lori halingoji. Sikukujibu. Nikianza kufoka kwenye simu huwa unasema mtandao ni mbaya, kwa hiyo nimeona heri nikuandikie ujumbe.

Nilikuwa na robo ekari ya matunda ya pasheni, yametambaa kwenye nyaya juu ya vichwa vyetu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, madoa ya kahawia yakaanza kuyaingia. Jumanne nikabeba pampu mgongoni, nikapiga dawa shamba zima. Pakiti ilisema wazi mtu asichume mpaka siku saba ziishe. Niliisoma. Usidhani ilikuwa ni kutojua.

Lakini Jumatano ilikuwa zamu yangu ya egesangio. Wewe hukuikuta, basi nikueleze: tulikuwa wanawake sita, leo tunafanya kazi kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Zamu ikikupita unangoja wiki mbili tatu irudi, na huku matunda yanaanguka. Tena Alhamisi gari la mnunuzi lingepita. Nikanyamaza.

Mkubwa wetu alikuwa Mama Bosibori, mjane asiyependa maneno mengi. Alifika wa kwanza, akapangusa jani kwa kidole, akautazama unga mweupe wa dawa, akaniuliza nimepiga dawa lini.

"Wiki jana, mama," nikamwambia.

Nilimtazama usoni nikisema hivyo, wala sauti haikutetemeka. Hata leo hilo linaniudhi.

Tukachuma hadi saa nane. Nyaya za juu tulimwachia Moraa, mrefu kuliko sisi sote, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani kwa mama mkwe wake. Kila akivuta tunda, unga ule ulimwangukia usoni, naye akajifuta kwa mkono uleule. Niliona. Nikajiambia ni kidogo tu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kando ya barabara na makreti yangu nikingoja gari. Wifi yake Moraa akapita akitoka zahanati. Akaniambia macho ya Moraa yamevimba, hayafunguki, mtoto analia na mama hamwoni. Muuguzi alikuwa amemuuliza Moraa kama ameingia shamba lililopigwa dawa karibuni, naye akajibu alivyojua, kwamba dawa ilipigwa wiki jana. Basi wakampa dawa ya macho mekundu ya kawaida, wakamrudisha nyumbani.

Uongo niliomwambia Bosibori ulikuwa umetangulia zahanati bila mimi, na ndio uliomtibu mwenzangu. Niliacha makreti palepale, nikakimbia kuchukua pakiti ya dawa, nikaita boda boda hadi kwa Moraa, tukamweka katikati. Kule zahanati nilisema mbele yake: "Nilipiga dawa juzi. Niliwadanganya."

Moraa alishika ukingo wa leso yangu asije akajikwaa. Wakamwosha macho kwa maji muda mrefu, kisha wakampeleka hospitali Kisii.

Alipona baada ya wiki tatu. Mpaka leo jua likiwa kali machozi humtoka, na tukikutana kanisani mimi ndiye ninayeangalia chini.

Habari zilipomfikia Bosibori Alhamisi ileile, matunda yale hakuyaacha yaende kulisha watu. Aliyamwaga shimoni mwenyewe, gari likapita. Jioni hiyo akaja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, lakini alisema hivi tu: "Kemunto, ungeniambia, jana tungechuma kwangu. Kwako tungekuja wiki ijayo, siku yangu."

Kubadilishana zamu, basi. Sikuwa nimefikiria hata kuuliza.

Kwa hiyo kesho usiwaite watu. Mpigie mwenye lori umwambie siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijatimia, umwombe wiki nyingine. Huenda akakubali, huenda akakutukana. Akienda zake, maparachichi kadhaa yataharibika, utanuna, kisha utapoa. Na siku zikitimia, wachumaji waambie tarehe uliyopiga dawa kabla hawajakuuliza. Ile pakiti usiitupe. Iweke mahali ambapo mtu akitumwa mbio ataiona.

Mungu akujalie miti izae na mikono yako isimdhuru mtu. Na kila atakayekuchumia, arudi nyumbani jioni, amwone mtoto wake.