Mota Nzima Iliyokatwa Nyaya

Siku feni ya kukaushia pareto ilipowashwa kwa mara ya kwanza pale Kichiwa, mwaka wa 1956, watu walikimbilia nje kama waliomwagiwa nyuki. Maua yalipaa kutoka kwenye trei, yakagonga bati, yakawashukia wazee wa ushirika vichwani. Fidelia, aliyekuwa ameyachuma tangu alfajiri, alimtoa mwenyekiti, Mzee Gideoni, ua moja kwenye nywele.

"Baba, leo umependeza kama bibi harusi."

Kicheko kiliisha upesi. Mota ile ilizunguka karibu mara elfu tatu kwa dakika, na mabawa ya feni yalikuwa yamefungwa kwenye mhimili wake wenyewe, bila mkanda wala puli ya kubadilisha. Bwana shamba, Mwingereza aliyeileta, alisema feni ya polepole itaagizwa Ulaya. Wangoje miezi sita. Miezi sita! Pareto mbichi ikilala kwenye gunia siku mbili inapata joto, inaoza, na jasho la nyumba mia moja linageuka mbolea.

Hapo ndipo aliposimama Methusela, mkulima kama wao, mtu wa maneno machache. Wakati wa vita alikuwa amesuka mota, yaani kuzizungushia nyaya za ndani, miaka minne katika karakana ya jeshi Nairobi. Vita ilipokwisha, serikali iliyomfundisha kazi ile ilimrudishia jembe, na tangu hapo hakuna ofisi hata moja iliyomuuliza anajua nini.

"Mwendo wake unaweza kupunguzwa," alisema.

"Kwa kufanyaje, Baba Idda?" aliuliza Gideoni.

"Nitoe nyaya zote za ndani, niisuke upya. Sasa hivi sumaku yake ina ncha mbili. Nikiipa nne, mwendo unakuwa nusu. Nguvu itapungua pia, lakini feni ya polepole haili nguvu nyingi."

"Ukate nyaya za mota nzima? Mota isiyo na ugonjwa?"

"Ndiyo, mzee."

Kufufua kilichokufa, kila mtu anaelewa. Lakini kuua kizima kwa makusudi! Kazi ikiharibika hakuna pa kurudi. Msimu umekwenda, na wakubwa watasema miaka yote kwamba Mwafrika akipewa kitu anakivunja. Methusela aliyajua hayo kuliko wote. Mikono yake ilikuwa imejificha mifukoni.

"Mota nzima inayotupandishia maua juu ya bati inatusaidia nini?" Fidelia alisema. "Mpeni patasi."

Wakampa.

Kwanza alipanda lori hadi Makambako, kwa kuwa msuko mpya ulitaka waya mwembamba zaidi, wenye mizunguko mingi zaidi. Pale njia panda alikuwapo Ezekia, Mkinga, fundi wa malori, mtu asiyetupa hata msumari uliopinda.

"Kamwene, Mbena!" alimwamkia kwa utani. "Umekuja kuniibia nini leo?"

"Waya wa shaba, wenye vanishi."

"Kuna mota imeungua?"

"Hapana. Ni nzima."

Ezekia alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mzima anapelekwa kuzikwa, na mimi nitoe sanda!" Lakini alipoeleweshwa aliinuka, akafukua chini ya magunia, akatoa rola nzima ya waya. "Ikizunguka, uje uniambie. Isipozunguka, usipite njia hii."

Siku tatu Methusela alikuwa ameinama. Alikata nyaya za zamani, akasafisha mifereji, akatandika karatasi ngumu, akalaza koili mpya, kila moja ikiruka nusu ya umbali wa zile za kwanza. Kisha aliupaka msuko vanishi, akaikausha kwa joto la kuni katika chumba kile kile cha pareto.

Alipoiwasha, mota ilinguruma kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Haikuzunguka. Aliizima haraka kabla haijaungua. Nje maua mapya yalikuwa yameanza kulainika, na hakuna aliyemtazama usoni.

"Nimekosea," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kosa liko ndani. Nitalitafuta."

Alifungua, akaunganisha betri ya lori kwenye misuko yake mitatu, mmoja baada ya mwingine, akapitisha dira polepole kwenye duara la ndani. Sindano ilitakiwa kugeuka kila ifikapo kwenye ncha. Msuko wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, kwenye ncha moja, haikugeuka. Koili za hapo alikuwa ameziunganisha kinyume. Akakata, akageuza, akafunga.

Safari hii feni iliondoka taratibu, ikashika mwendo wake, ikatulia. Maua yalitikisika kwenye trei, yakabaki pale pale. Gideoni alipitisha kiganja juu yake, akahisi pumzi ya joto ikipita, akaanza kuimba tenzi. Kanisa zima la Kichiwa likaitikia mle ndani ya moshi.

Methusela alisikiliza mota nusu saa, sikio likiwa karibu na chuma. Ilikuwa ya vuguvugu tu, kama mkono wa mtu mwenye afya. Ndipo akakumbuka kuwa naye ana pareto, akakimbia nyumbani, akarudi na gunia lake begani.

"Pole, Baba Idda," Fidelia alimwambia mlangoni. "Trei zimejaa. Wewe kesho."

Alitua gunia chini akacheka hadi machozi. Fundi mwenyewe, wa mwisho kwenye foleni! Akamwaga maua yake kwenye mkeka, akayatandaza vizuri yapate hewa, akaketi kando yake kuyageuza.