Herufi Nene Zilizoinama

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa rangi. Fundi Mkuu, mwenye karakana ya vibao nyuma ya soko la Kakamega, alinipa brashi, mkebe wa maji na ubao mweusi, akaniambia nichore mistari iliyoinama hadi atakaporudi kutoka kula. Mistari ya maji ilikauka kabla sijamaliza safu. Aliporudi, ubao ulikuwa mtupu. Akautazama mkono wangu badala ya ubao, akasema nirudi kesho.

Wakati huo kila kibao kiliandikwa kwa mkono, na kila herufi ilikuwa na mahali pake. Zenye vikia, yaani vijistari vidogo kwenye ncha, zilikuwa za makanisa na mawakili. Zisizo na vikia, zilizosimama wima, zilikuwa za maduka. Lakini lori, basi, na chochote kilichotakiwa kuonekana kina haraka, kiliandikwa kwa herufi nene, zisizo na vikia, zilizoinama kuelekea kulia. Hizo alizichora Fundi Mkuu peke yake. Sisi wanafunzi wake tulipiga kamba ya chaki kupata mstari wa juu na wa chini, kisha tukajaza rangi ndani ya mipaka yake.

Si kazi rahisi. O ukiisukuma tu ilale, inakuwa yai lililokanyagwa. Lazima upunguze unene hapa, uongeze pale, mpaka jicho likubali. Nilijua kwamba atakayeruhusiwa kuzichora ndiye atakayeitwa fundi. Sisi wengine tulikuwa wapaka rangi. Nilitaka kuitwa fundi.

Mwaka wa tatu ikaja lori ya kubeba mahindi kutoka Mautuma. Mwenyewe alitaka neno MKULIMA kila upande. Fundi Mkuu akaandika upande wa dereva, herufi zikainama kuelekea mbele ya gari, kama zinalivuta. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanipa upande wa kushoto niuandike mwenyewe, akaenda zake kununua rangi.

Nilipima, nikaona jambo. Upande wa kushoto, herufi zikiinama kulia zinaelekea nyuma ya gari, kama zimepigiwa breki. Nikaona nimegundua kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Nikazigeuza zote ziiname kushoto, zitazame mbele. Nilipomaliza nilijisifu moyoni.

Fundi Mkuu aliporudi hakunigombeza. Alimwita mama aliyeuza mboga ng'ambo ya barabara, akamwomba asome. Mama akainamisha kichwa, akasogea, akarudi nyuma.

“Mbona hii upande imelewa?” akauliza.

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akamwaga rangi. Fundi Mkuu akanikabidhi tambara na mafuta ya taa.

“Lori haisomangi, kijana,” akasema. “Mtu ndiye husoma. Zile zinalala, utaandika siku nitakuambia.”

Hiyo siku haikufika. Macho yake yalianza kupoteza nguvu, na kabla ya miaka miwili kwisha karakana ilifungwa. Nilimtembelea nyumbani kwake mara kadhaa. Tulizungumza juu ya mvua na ng'ombe. Kuhusu herufi zilizoinama, sikuuliza hata swali moja.

Nikaajiriwa katika ofisi ya ujenzi, hapa hapa mjini, kuandika milango na vibao vya barabara. Nilipomwonyesha Msimamizi wa Karakana ya ofisi hiyo mchoro wa kibao chenye herufi zilizoinama, aliurudisha akitabasamu. “Bwana, ofisi haikimbii,” akasema. Nikahamishiwa bohari ya Lugari, chini ya Mkuu wa Bohari aliyependa kila kitu kiwe wima, hata kalamu mezani. Miaka yangu yote ya utumishi niliandika herufi zilizosimama. Nyumbani nilichora zile nyingine nyuma ya kalenda za zamani, nikazikunja na kuziweka juu ya kabati.

Nilistaafu mashine zikiwa zimeshaingia mjini. Vijana huandika neno kwenye kompyuta, wakabonyeza mara moja, neno likalala, likachapwa kwenye plastiki. Siwalaumu, mteja anasubiri. Ila nikipita barabarani naziona zile O, na ninatamani kushuka kwenye boda niziguse.

Mwaka huu mwenye mashine ya kusaga mahindi kule Chekalini aliniomba nimwandikie ukuta, kwa sababu plastiki yake ilipasuliwa na upepo. Sikumwuliza anataka herufi gani. Nilipiga kamba, nikachora SAGA HAPA, nene, zisizo na vikia, zimeinama kulia. Goti liliuma nikashuka ngazi mara nyingi. Siku ya tatu nikamaliza.

Nikavuka barabara kuutazama ukuta. Tumbo la chini la S nilikuwa nimelipanua kidogo kuliko la juu, maana yakilingana jicho huona herufi inaelemewa kichwani. Nilitamani mtu aje abishane nami: aseme nimezidisha, au nimepunguza, au ndivyo. Nyinyi mnaoanza kazi, mkiwa naye mtu wa namna hiyo, muulizeni maswali yote angali yupo.

Mwenye mashine akatoka, unga kwenye nyusi, akasimama kando yangu, akautazama ukuta.

“Mzee,” akauliza, “rangi imekauka?”

Nikamwambia bado.