Kidonda Hakibadilishiwi Mkono

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kishanda, kidonda hakikubadilishiwa mkono. Aliyekiosha siku ya kwanza ndiye aliyepaswa kukiosha mpaka kifunge. Mwingine akikigusa, wazee waliamini, kinarudi nyuma.

Mimi niliangukia mhoro, kile kisu kilichopinda cha kukatia majani ya migomba, ukanichana chini ya goti. Bibi, mama yake baba, alikuwa wa kwanza kufika. Alikandamiza jeraha kwa kanga yake mpaka damu ikakoma, akaniosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akanifunga jani changa la mgomba alilolibabua motoni. Tangu hapo mguu ule ukawa wake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliniita uani, nami nilianza kulia kabla hajanigusa.

“Lia tu, ila mguu usiuvute,” alikuwa akisema.

Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka ilipokuja habari kwamba kaka yake amefariki huko Nyanga. Bibi alisimama mlangoni, mara anitazame mimi, mara aitazame njia.

“Nenda ukamzike kaka yako, waitu,” mama alimwambia kwa neno letu la heshima. “Mtoto nitamwosha mimi.”

Akaenda. Mama, na kazi za kibanja, shamba letu la migomba, zikimngoja, akaniosha kwa maji ya ndoo yasiyochemshwa. Bibi aliporudi alikuta mguu umevimba, unanuka, nami nachemka kwa homa. Hakumgombeza mama. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, ambako tabibu alisema tungechelewa zaidi mguu ungekatwa. Nikachomwa sindano, na kesho yake bibi akabandika maji ya chumvi upya. Majirani wote walikubaliana kwamba ni kwa sababu mkono ulibadilishwa.

Sasa ninaishi Nshambya na mama. Ana kisukari, na kidonda cha kisigino kisichotaka kufunga. Kila siku mimi ndiye nakisafisha, kisha nakwenda kazini nikiwa nimeshachoka. Nimemweleza mara nyingi kwamba kosa lilikuwa maji, si mkono. Ananisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza daktari.

Majuzi mdogo wangu alikuja kutoka Mwanza. Akanawa, akavaa glavu.

“Dada, leo pumzika.”

Mama akaukunja mguu.

“Niachieni huyuhuyu,” alisema. “Mimi niliwahi kubadilisha mkono. Nilikiona.”

Miaka yote hiyo alikuwa ameubeba mguu wangu moyoni. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi, maana nilikuwa nimeitamani sana asubuhi ile moja. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikavaa glavu, nikapiga magoti.

Nikamfikiria bibi, aliyetoka kumzika kaka yake akakuta mguu wangu unamngoja. Tulimsifu kwa mkono wake mzuri mpaka naye akazikwa. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama amechoka.