Yubile ya Baba Mkubwa

Usharika wetu, huku kwenye miteremko ya Meru, ulipotimiza miaka hamsini iliundwa kamati ya Yubile, na mwenyekiti akawa baba mkubwa. Hakuna aliyeshangaa. Mtu aliyeweza kushikilia shamba la mjane wa mdogo wake miaka yote hiyo bila kuchoka, moyo wa kujitolea anao.

Mjane huyo ni mama yangu. Baba alipofariki tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la urithi, katikati ya migomba na kahawa, kama wanavyozikwa watu wetu. Maua hayajanyauka kaburini, baba mkubwa akautangazia ukoo kwamba atatutunzia kile kihamba mpaka watoto wakue. Mimi nimekua, nimeota ndevu, ndevu zenyewe zimeanza mvi, na yeye bado anatunza. Ametunza mpaka akazungushia uzio na kufunga geti. Mama yuko mjini, Ngarenaro, chumba cha kupanga nyuma ya gereji, anaotesha sukuma wiki kwenye ndoo zilizotoboka. Anachotaka ni kimoja tu: arudi kuishi pale alipomzika mume wake.

Basi vitenge vya sare vikashonwa, maturubai yakafungwa, na keki ikaja na ghorofa tatu. Mimi hupiga tarumbeta katika bendi ya usharika, kwa hiyo sisi ndio tuliofungua ibada. Kisha baba mkubwa akasimama kusoma somo alilojichagulia mwenyewe, Mambo ya Walawi, sura ya ishirini na tano. Nadhani aliona neno Yubile akaridhika, hakusoma zaidi. Alianza kwa ile sauti yake ya kuombea michango, na alipofika mahali panaposema kila mtu atairudia ardhi ya jamaa yake, sauti ikafifia kama redio inayoishiwa betri. Mama, kwenye benchi la akina mama, akakaa vizuri.

Mchungaji, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, akatufafanulia kwa furaha isiyo na habari. Wayahudi walihesabu miaka saba mara saba, na mwaka uliofuata, Siku ya Upatanisho, pembe ya kondoo dume ikapigwa nchi nzima. Watumwa waliachiwa, mashamba yakapumzishwa, na ardhi iliyouzwa ikarudi kwa wenyewe, kwa sababu mwenye ardhi ni Mungu na sisi wengine wote ni wapangaji. Siku hizi, alisema, Wayahudi hawaiadhimishi tena, maana walimu wao hufundisha kwamba makabila yote ya Israeli sharti yawe yamekaa kwenye nchi yao. Wanachokishika baadhi ya wakulima wao hadi leo ni mwaka wa saba wa kupumzisha ardhi. Hapo baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, mara ya kwanza asubuhi ile. Kwenye kupumzisha hana deni, kwani yeye alimpumzisha mama kulima kabisa.

Baada ya ibada mama alikwenda moja kwa moja kwenye meza kuu.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba, shemeji.”

“Tarumbeta nimezisikia. Nihamie lini?”

Baba mkubwa akacheka kicheko cha kikao. “Yale yalikuwa mambo ya Wayahudi, shemeji. Na hata wao wameacha, mchungaji kasema.”

“Na zaburi tuliyoimba asubuhi ilikuwa ya Wameru?”

Akina mama wakaangua kicheko. Mchungaji akaichunguza soda yake. Baba mkubwa, alipoona watu wanasikiliza, akachukua kipaza sauti na kutangaza kwamba, kwa heshima ya Yubile, anamtengea shemeji yake nafasi kando ya kaburi la mumewe. Siku Bwana atakapomwita, atalala pale bila kipingamizi. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikasimama. Nilikuwa na hasira hata bendi ilipoashiriwa ipige, midomo yangu haikukubali kubana.

Mama alingoja kelele zitulie.

“Asante, shemeji. Na kabla sijafa?”

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, swali likafika mpaka kwa wapishi. Mshereheshaji akamwita mwenyekiti haraka aje kukata keki. Kipande cha kwanza alimlisha mama, kwa mkono wake mwenyewe, ili picha zipigwe, na mama akatafuna polepole huku amemkazia macho, bado anangoja jibu.