Bawabu wa Milango Miwili

Kaka yangu ni fundi kompyuta, na mtaani wanamwita Subiri. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Mteja akikaa mbele ya meza yake na kuanza kubonyezabonyeza kabla hata hajaeleza shida, kaka humshika mkono kwa upole na kumwambia, "Subiri. Soma kwanza." Mimi nina mashine ya kutoa kopi kwenye kona ya chumba hichohicho, kwa hiyo neno hilo nimelisikia mpaka nimelichoka. Ingekuwa mimi, wengine ningewafukuza.

Kazi anayoijua kuliko zote ni ya kompyuta zenye mifumo miwili. Mtu anataka Windows ya ofisini na Linux ya masomo, na uwezo wa kuwa na kompyuta mbili hana. Kaka humgawia diski vipande viwili, kila mfumo ukakaa kwake. Kisha huweka kile kiprogramu kidogo kinachoamka kabla ya vyote na kukuuliza leo unaingia upande gani. Yeye hukiita bawabu. Bawabu akiharibika, nyumba ipo na vyombo vimo, ila hakuna wa kukufungulia. Watu huja hapa roho mkononi, wanasema vitu vyao vimepotea, na kaka huwajibu, "Havijapotea. Aliyepotea ni bawabu." Anachomeka flashi yake, anaandika mistari michache, na mtu anaondoka akicheka peke yake.

Kompyuta ya nyumbani kwake nayo ilikuwa hivyo. Mke wake anafundisha shule ya msingi, na sote tunamwita Mwalimu. Upande wake ulikuwa na mitihani, filamu na picha. Upande wa pili, wa Linux, ulikuwa wa binti yao, mtoto wao wa pekee. Kaka aliwagawia ili waache kugombana, maana mama alikuwa akihamishahamisha vitu na binti akinuna siku nzima. Binti alikuwa na mtindo wa kusoma huku akijirekodi: anajieleza kemia kwa sauti, anajiuliza swali, anajijibu, akikosea anajicheka. Ndani ya rekodi hizo unamsikia Mwalimu akiita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa, na binti akijibu, "Nakuja, mama," halafu anaendelea na kemia yake.

Aliugua, akafa. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Baada ya mazishi kaka alizisikiliza rekodi zile mara moja, akazima. Mwalimu hakuweza. "Ziache," alisema. "Siku nikipata moyo nitazisikiliza." Kila akiwasha kompyuta, bawabu alimwonyesha mistari miwili, jina lake na jina la binti, naye akachagua lake. Nadhani ile siku ya kupata moyo ndiyo iliyokuwa ikimwinua kitandani. Na wale wawili waliendelea kuitana Baba na Mama, ndani ya nyumba isiyo na mtoto wa kuwaita hivyo.

Asubuhi moja Mwalimu aliingia dukani na kompyuta ameifunga kwenye shuka.

"Baba, imegoma. Imeandika maneno meupe kwenye weusi, basi, kimya."

"Bawabu huyo," kaka akasema. "Wewe nenda shule, Mama. Jioni utaikuta inapiga kazi."

"Na upande wa mwanetu?"

"Upo. Utakwenda wapi?"

Mwalimu akafika mlangoni, akageuka. "Labda nimeielemea. Jana nilikuwa naweka video za harusi ya mdogo wangu, kwangu kukajaa. Nikaona kuna diski tupu. Ikaniuliza kama niiandae, nikasema ndiyo." Akaenda zake, maana kengele ya shule haimngojei mtu.

Kaka alichomeka flashi. Mimi nilikuwa napanga karatasi. Nilipogeuka alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, anaitazama skrini.

"Kaka, vipi?"

"Windows haiwezi kusoma upande wa Linux," akasema taratibu, kama vile anamweleza mteja. "Inauona ni diski tupu. Inakuuliza, nisafishe? Ukisema ndiyo, inasafisha kweli. Bawabu naye alikuwa anakaa hukohuko, ndiyo maana ikagoma."

"Si urudishe? Mbona vya watu unavirudisha?"

"Kamwagia harusi nzima juu yake, mpaka pamejaa."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kaka alijaribu kuyazoa. Alimwambia mkewe kuna kipuri anakingoja, akawa anahangaika na diski ile siku baada ya siku, kazi za watu zikilala. Hakupata hata kikohozi cha mwanawe. Nikamwambia, basi kamwambie mkeo ukweli. Badala yake akaweka bawabu mpya, akamwandikia mistari miwili kama zamani. Wa kwanza ulifungua upande wa Mwalimu. Wa pili ulikuwa na jina la binti, na nyuma yake hapakuwa na kitu: ukiuchagua, skrini inazima kidogo, halafu inakurudisha mwanzo. Nilimwambia huo ni uongo.

"Namtafutia muda tu," akasema.

Mwalimu alipata moyo shule zilipofungwa. Alikuja dukani na kompyuta yake, amechana nywele vizuri, amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayekwenda stendi kupokea mgeni wake. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Baba, nachagua jina lake inanirudisha. Nifungulie. Leo naweza."

Kaka aliitazama kompyuta, wala hakuigusa.

"Upande wake haupo, Mama. Nimeufuta mimi. Siku ile ya kumtengeneza bawabu, nilikosea diski."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe Subiri?" Hakuwahi kumwita hivyo tangu waoane.

"Nilifanya haraka."

Mashine yangu ilikuwa imekwama karatasi, nikaiacha ikilia. "Watu usiowajua wanakuletea vya kwao, hujawapotezea hata picha moja," Mwalimu akasema. "Ukaja kupoteza cha mwanangu." Hakupaza sauti. Akaifunga kompyuta kwenye shuka lake, akatoka, na siku hiyohiyo akahamia kwa mdogo wake, yuleyule wa harusi.

Nilimfokea kaka mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia ana wazimu, anabeba mzigo usio wake, na mwenye mzigo anatembea kifua mbele. Akaningoja nimalize.

"Akinichukia mimi, ataamka asubuhi aende kazini," akasema. "Akijichukia yeye, ataamkia wapi?"

Mtaani wakasema mganga hajigangi. Wateja wengine wakahamia kwa fundi wa barabara ya pili. Siku moja nilikutana na Mwalimu njiani, amekonda, ameshika mfuko wa madaftari. Aliniambia, "Kaka yako amenifishia mtoto mara ya pili." Ukweli ulinifika kwenye ncha ya ulimi, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Siku hiyo niliyameza, nikamwambia, "Pole, wifi." Nilimwonea uchungu, na nilimchukia, yote kwa pamoja.

Wiki iliyopita mdogo wake Mwalimu akaleta kompyuta, imo kwenye shuka lilelile.

"Shemeji, dada anasema uutoe ule mstari wenye jina. Kila akiwasha anauona."

Kwa kaka hiyo si kazi, ni kupepesa jicho. Akafungua, akaandika, akafika kwenye swali la mwisho: una hakika? Kidole chake kikabaki juu ya kitufe.

"Subiri," akasema, na hapakuwa na mtu aliyegusa chochote.

Tukasubiri. Yule shemeji akatazama saa, kisha akatazama chini. Mwishowe kaka akasogeza kiti chake pembeni.

"Bonyeza wewe, mdogo wangu."

Nikabonyeza ndiyo. Akaizima, akaiwasha tena kuhakikisha, kama afanyavyo kwa kila mteja. Bawabu mwenye mlango mmoja hana la kuuliza. Ikafunguka moja kwa moja upande wa Mwalimu. Kaka akaifunga kwenye shuka, akakaza fundo, akamkabidhi shemeji yake.

"Mwambie Mama iko tayari," akasema.