Mlezi Wangu Alificha Jina Langu, Akataja Nilivyozaliwa

Bwana Mhariri, naomba jina langu lisionekane, na ukiona mahali nimejisahau nikasema jambo la kunitambulisha, lifute. Utaona kwa nini naogopa.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, darasa la saba, katika shule moja hapa Kisumu. Si msemaji. Nikiulizwa swali ninalolijua hujibu kwa sauti ndogo hadi mwalimu aseme, "Unamjibu nani, dawati?" Lakini kuandika naweza.

Naishi na mama yangu katika chumba kimoja karibu na soko la Kibuye, ambako anauza samaki wa kukausha. Baba alifariki nilipokuwa na miaka tisa. Kwa desturi yetu Wajaluo, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na baba yangu mdogo, anayekaa upande wa Katito, alikuwa tayari. Mama hakutaka. Tuliondoka alfajiri na vikapu viwili. Mjini mama alimwambia kila mtu kwamba mume wake yu hai, anafanya kazi Nairobi, kwa sababu hakuna mwenye nyumba aliyekubali kumpangisha mwanamke asiye na mume. Mtu mmoja tu aliujua ukweli, rafiki yake Mama Odongo, ambaye hukaa naye mkeka mmoja sokoni. Mimi nami, miaka yote saba, nimewaambia wenzangu shuleni, "Baba anawasalimu."

Mwaka jana nilikosa karo nikakaa nyumbani muhula mzima. Mwalimu mkuu akaniandikisha katika mpango mpya. Serikali ilikuwa imetoa fedha ili kila kijana aliye karibu kupotea apewe mtu mzima wa kumwongoza, wakutane kila Jumamosi katika holi ya lokesheni. Neno hilo "kupotea" liliniuma. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nyumbani, nikisoma magazeti yaliyofungiwa sukari.

Mlezi wangu alikuwa mke wa karani wa reli, mtu wa Mombasa, mpole sana. Aliniletea vitabu, akanisikiliza nikisoma, wala hakuniambia hata siku moja nipaze sauti. Alisogeza kiti tu. Nilimpenda. Siku moja aliniuliza kwa nini sisemi kamwe habari za baba, nikalia, nikamweleza yote. Alinifuta machozi kwa ushungi wake akasema, "Haya hayatatoka hapa, mwanangu."

Miezi mitatu baadaye Bwana DC alikuja kuona kama fedha za Serikali zinafanya kazi. Siku hiyo ilikuwa ya soko, mama alikuwa kwenye samaki wake, lakini holi ilijaa wazazi. Karani wa Bwana DC alisoma ripoti za walezi kwa Kiingereza, kisha kwa Kijaluo ili watu wote waelewe. Nikasikia habari za msichana mmoja ambaye mama yake alimkimbia shemeji yake, akadanganya mji mzima kwamba mumewe yu hai. Jina halikutajwa. Ila mlezi wangu, ili kisa kiguse moyo, alikuwa ameanza na jinsi msichana huyo alivyozaliwa.

Kwetu kuzaliwa kwa mtoto ndiko kunakompa jina. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Akoth, aliyezaliwa usiku ni Atieno. Hao ni wengi. Jina langu ni la nadra, na hapa sitaandika nilivyozaliwa, maana hilo ndilo kosa lenyewe. Karani alipoeleza kwa Kijaluo jinsi nilivyozaliwa, wanawake wa mbele waligeuka wote wakaniangalia. Bwana DC alipiga makofi.

Nilimfuata mlezi nje.

"Uliniambia hayatatoka."

"Lakini jina lako sikuliandika popote, binti yangu!"

"Uliandika nilivyozaliwa."

"Na hiyo nayo ni siri?"

Nilipomweleza alishika mdomo. Kisha akasema polepole, "Nilidhani yakienda bila jina, hayajatoka. Na bila kisa kile Serikali isingetoa fedha tena. Wenzako ishirini wangekwenda wapi?"

Nilikwenda nyumbani peke yangu. Swali lake nalibeba hadi leo.

Wiki iliyofuata, habari zikiwa zimefika Katito, baba mdogo alikuja. Alikaa kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa.

"Shemeji, nasikia ndugu yangu yuko Nairobi. Mpe salamu zangu. Mimi nilifikiri nilimzika."

Mama aliinama akafunga kapu lake la samaki.

"Mwisho wa mwezi nakuja kuwachukua. Na huyu msomi wako pia. Huko nyumbani mahindi hayapaliliwi kwa kitabu."

Majirani husema pembeni tu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mama habari za holi. Yeye anaamini ni Mama Odongo aliyemuuza. Alimtukana sokoni mbele ya watu, akakata mkeka wao katikati kwa kisu cha samaki. Mama Odongo alichukua nusu yake akiwa analia. "Nimekukosea nini, dada?" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika kapu. Sikufungua mdomo.

Sasa Bwana DC anarudi Jumamosi ijayo na wageni, kwa sababu kisa changu kilimfurahisha, na fedha zimetolewa kwa mwaka mwingine. Nimechaguliwa kusoma shukrani, na mama amealikwa kukaa mbele. Ameazima kitambaa cha kichwa. Anajivunia kwamba mtoto wake atasikika.

Karatasi ya shukrani ameiandika mlezi. Nimeificha ndani ya kitabu cha jiografia. Inaanza hivi: "Nilikuwa karibu kupotea."

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu ni wazazi. Niambieni kabla ya Jumamosi. Nikimwambia mama kwamba ni mimi, atabaki na nani? Nikinyamaza, Mama Odongo atabeba kosa langu hadi lini?